Nyumba ya Majani katika Pori la Ituri

Ukiambiwa ulale porini usiku wa mvua, bila bati, bila hema, bila msumari hata mmoja, utafanya nini? Wambuti wa Ituri wanalijua jibu tangu mababu zao.

Mwaka 1887 msafiri Stanley alilipita pori lile. Aliondoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, tarehe 28 Juni, pamoja na watu 389, wengi wao Waswahili wa Unguja. Walitokea mbugani mwanzo wa Desemba tu. Njaa, magonjwa na mishale viliua wengi njiani. Bunduki walikuwa nazo. Elimu ya pori waliikosa.

Baadaye wengine walifika kwa kujifunza. Padri Paul Schebesta alikwenda kukaa na Wambuti miaka ya 1929 na 1930, akaandika habari zao katika vitabu.

Kujenga ni kazi ya wanawake. Mama hukata fito mbichi, huchoma ncha zake ardhini kwa duara, hukunja vichwa vyake na kuvisuka pamoja, mpaka nyumba inafanana na kikapu kilichofunikwa. Kisha huleta majani mapana ya mongongo. Hupasua kikonyo cha kila jani na kulitundika juu ya fito. Huanza chini na kupanda juu, ili jani la juu lilalie la chini. Hivyo maji huteremka kama juu ya vigae, wala hayaingii. Kwa saa chache kazi imekwisha. Majani yakikauka na kujikunja, huongeza mengine.

Kwa kuwa nyumba ni ya mke, hasira yake huonekana hapo. Colin Turnbull, aliyekaa nao Epulu, alieleza mwaka 1961 habari ya mke aliyegombana na mumewe, akaanza kung'oa majani ya nyumba. Mume alinyamaza. Majani yakaisha, mke akashika fito, huku analia, maana fito zikiisha, ndoa nayo imekwisha. Hapo mume akamwambia kwa upole kwamba fito si chafu, ni majani tu yaliyo machafu. Basi wakayachukua mtoni, wakayaosha, wakayarudisha mahali pake. Aibu haikumpata hata mmoja wao.

Nawe ukishikwa na usiku peke yako porini, fuata kanuni ileile. Usijenge chini ya mti mkavu, wala mahali maji yanapopita. Jenga nyumba fupi ya kukutosha kulala tu, maana nyumba kubwa haishiki joto. Tandika majani makavu mengi chini, kwa kuwa ardhi baridi hunyonya joto la mwili.

Wako watu wanaowacheka Wambuti kwa sababu hawana nyumba za matofali. Lakini mvua ya Ituri ikinyesha usiku, mwenye kucheka ndiye atakayepiga hodi.