Neno kwa Neno: Kulehemu si kuchomelea

Siku hizi vijana wanafungua laptopu zao wenyewe ili wabadilishe chipu ya BIOS, ile ndogo yenye miguu minane inayohifadhi programu ya kuwashia mashine. Kazi ikiharibika, wanamwambia fundi: "Niliichomelea vizuri, lakini bodi imeungua." Maneno mawili, na yote yamepotoka.

Kuchomelea ni kazi ya mafundi wa mageti na madirisha: vyuma vyenyewe huyeyuka vikashikana. Chipu tunailehemu. Neno hili limetoka Kiarabu, kwenye lahama, na kinachoyeyuka hapa ni lehemu peke yake. Ile ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Shaba ya bodi haitikisiki. Anayechomelea chipu kwa maana halisi ya neno, aandae na jalala kabisa.

Na kuungua? Kilichoungua kina weusi na harufu. Mara nyingi kilichotokea ni kubanduka: joto limezidi, au chipu imevutwa kabla lehemu haijalainika, na kijisahani cha shaba cha bodi, ambacho mguu wa chipu umelehemiwa juu yake, kikang'oka pamoja na mguu. Tofauti hii ina bei yake. Bodi iliyoungua huenda ikatupwa. Iliyobanduka, fundi hukwangua njia ya shaba iliyo karibu, akalehemu waya mwembamba kama unywele kutoka hapo hadi kwenye mguu wa chipu, na mashine ikawaka. Kwa hiyo ukifika kwa fundi, mwambie imebanduka.