Ufadhili wa nyumba bila riba, Garissa

Ufadhili wa nyumba bila riba ni njia ya kununua nyumba kwa awamu inayofuata sharia ya Kiislamu. Katika Kaunti ya Garissa, ambako wakazi wengi ni Waislamu, mkopo wa kawaida wa rehani huepukwa kwa sababu ya riba. Nchini Kenya, benki kamili za Kiislamu zilianza kazi mwaka 2008: Gulf African Bank na First Community Bank, iliyobadilishwa jina kuwa Premier Bank mwaka 2023.

Katika murabaha, ambayo ni aina moja ya ufadhili huu, benki hununua nyumba, kisha humuuzia mteja kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi. Kwa mfano, nyumba ni ya shilingi 5,000,000 na mteja ametanguliza 1,000,000. Salio la 4,000,000 likiongezwa faida ya 2,000,000 huwa 6,000,000. Likigawanywa kwa miezi 120, malipo ni 50,000 kila mwezi.

Katika musharaka inayopungua, ambayo ni aina nyingine, benki na mteja humiliki nyumba kwa pamoja; mteja hulipa kodi huku akinunua hisa za benki katika nyumba hiyo kidogo kidogo.

Gharama yote hujumuisha malipo ya awali, awamu zote, ada ya wakili, uthamini, na ushuru wa stempu, ambao mijini ni asilimia 4 ya thamani na vijijini asilimia 2.