Kipindupindu, Vita na Hospitali: Historia ya Tiba kwenye Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Pwani inayoanzia mlango wa Mto Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, na kushuka kusini hadi Ghuba ya Pemba, kupitia Palma, Mocímboa da Praia, Quissanga na kisiwa cha Ibo, ilikuwa na tiba zake kabla ya kuwa na hospitali. Wamwani na jamaa zao Waswahili walikwenda kwa mwalimu wa chuo kuandikiwa kombe, kwa mganga ajuaye mizizi, kwa fundi wa kupunga majini, na kwa mkunga aliyezalisha watoto wa mtaa mzima. Hospitali haikuziondoa tiba hizo. Mpaka leo mgonjwa mmoja anaweza kupitia milango yote hiyo kwa wiki moja, na familia huona ni jambo la busara.

Maradhi makubwa yaliletwa na bahari. Richard Burton alipofika Kilwa mwanzoni mwa 1859, aliukuta mji umeelemewa na kipindupindu. Mlipuko mwingine ulitua Unguja mwishoni mwa 1869. James Christie, daktari aliyekuwa akifanya kazi huko, alifuatilia mwendo wa ugonjwa huo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1876, akaonyesha kwamba ulifuata njia za misafara na majahazi. Pwani ya Cabo Delgado, iliyofanya biashara na Unguja na Kilwa kila msimu wa kaskazi, haikuwa na kinga. Ardhi yake pia huupa ugonjwa nafasi: visima ni vifupi, vimechimbwa mchangani, na mvua za masika zikizidi, maji ya vyoo na ya visima huchanganyika chini kwa chini.

Utawala wa Kireno ulipokita mizizi haukuanza na tiba. Ghuba ya Tungi, huko Palma, ilinyakuliwa kutoka kwa Sultani wa Zanzibar mwaka 1887. Kuanzia 1891 hadi 1929 karibu eneo lote lilikuwa mikononi mwa Kampuni ya Niassa, kampuni ya wenye hisa iliyojipatia fedha kwa kodi ya vibanda na kwa kazi ya shuruti. Mjumbe wa utawala aliyeingia kijijini alikuja kuhesabu nyumba na kuondoka na vijana. Wengi walivuka Ruvuma kwenda Tanganyika kumkwepa. Ni vigumu kuelewa hofu za baadaye juu ya wahudumu wa afya bila kumkumbuka mjumbe huyo.

Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilizidisha mateso. Ureno ilileta majeshi Porto Amélia, yaani Pemba ya leo, na Palma na Mocímboa da Praia. Iliiteka Kionga, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, Aprili 1916, ikaingia Newala ng'ambo ya Ruvuma mwaka huohuo na kufurushwa. Malaria na kuhara damu viliua askari wake wengi kuliko risasi za Wajerumani. Wapagazi Waafrika, waliokamatwa kwa nguvu na kulishwa kidogo, walikufa kwa wingi, na makaburi yao hayana alama. Hospitali zilizojengwa wakati ule zilikuwa za jeshi.

Hospitali iliyoonwa na wanavijiji kuwa yao ilitokana na vita vingine. Baada ya FRELIMO, chama cha ukombozi, kuanza mapigano huko Chai, wilayani Macomia, tarehe 25 Septemba 1964, maeneo yaliyokombolewa yalipata vituo vidogo vya tiba, na majeruhi walibebwa kwa machela hadi ng'ambo ya Ruvuma. Mjini Mtwara chama hicho kiliendesha hospitali iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Samora Machel mwenyewe alikuwa muuguzi kwa kazi yake. Upande wa pili, Wareno waliwahamishia watu katika vijiji vya ulinzi vyenye uzio, ambako zahanati ilisimama chini ya macho ya askari.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1975, tiba ilitaifishwa tarehe 24 Julai, mwezi mmoja tu baadaye. Mwaka 1976 ilianza kampeni ya chanjo ya nchi nzima dhidi ya ndui, surua, pepopunda na kifua kikuu. Kuanzia 1978 serikali ilifundisha wahudumu wa afya wa vijiji, wanaoitwa kwa kifupi APE, waliotoka katika jamii walizozihudumia. Huo ulikuwa uamuzi bora kuliko mengi yaliyofuata, kwani maneno ya kuchemsha maji yalitoka kwa mtu ambaye mama yake anajulikana. Vita vya waasi wa RENAMO dhidi ya serikali, vilivyoisha 1992, vilivunja sehemu kubwa ya mtandao huo.

Kipindupindu kiliporudi kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1990, uhaba wa imani ulijitokeza wazi. Katika pwani za Nampula na Cabo Delgado ulienea uvumi kwamba wahudumu na viongozi ndio wanaoutia ugonjwa kisimani. Chanzo chake kinaeleweka. Dawa ya klorini hufika kijijini pamoja na mlipuko. Watu huona unga mweupe ukimwagwa kwenye maji, kesho wanaona majirani wakihara na kufa. Anayemwaga ni mgeni, amekuja na gari la serikali, na katika miaka mingine yote haonekani. Mwanasosholojia Carlos Serra alichunguza matukio ya pwani ya Nampula katika kitabu Cólera e catarse cha mwaka 2003, akayaona kuwa ni kilio cha watu waliotengwa, wala si ujinga wao. Machi 2009, huko Mogincual mkoani Nampula, zaidi ya watu kumi waliokamatwa kwa vurugu za aina hiyo walikufa kwa kukosa hewa katika mahabusu iliyojaa kupita kiasi. Aprili 2024 chombo kilichojaa watu, wengi wao wakiukimbia uvumi wa kipindupindu, kilizama karibu na Kisiwa cha Msumbiji, na zaidi ya watu 90 walikufa.

Ushauri wenyewe ni mwepesi: maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, mikono ioshwe kwa sabuni, na anayehara aanze bila kuchelewa kunyweshwa maji safi, lita moja ikitiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, huku akipelekwa kituoni. Kinachouwezesha kufuatwa ni lugha na sura ya msemaji. Ndiyo sababu matangazo ya Redio Msumbiji ya Pemba kwa Kimwani, Kimakonde na Kimakua yamekuwa na uzito ambao mabango ya Kireno hayajaupata.

Kimbunga Kenneth kilipoipiga pwani hiyo tarehe 25 Aprili 2019, kikiibomoa Ibo na vijiji vya Macomia, kipindupindu kilitangazwa Pemba siku chache baadaye, na mwezi Mei watu walipewa chanjo ya kunywa. Lakini vita vipya vilikwisha kuanza. Waasi wa itikadi kali ya Kiislamu waliishambulia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 na kuishika mwezi Agosti 2020. Majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliikomboa mwaka mmoja baadaye. Kituo cha afya cha Macomia kilishambuliwa mwishoni mwa Mei 2020, na wahudumu wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka waliokuwa wakifanya kazi hapo walilazimika kuondoka. Palma ilivamiwa tarehe 24 Machi 2021, na maelfu wakakimbilia Pemba kwa mashua. Kwa muda mrefu, mjamzito wa Mocímboa mwenye uzazi mgumu hakuwa na chumba cha upasuaji karibu kuliko Mueda, na barabara yenyewe ilikuwa ya hatari. Tangu 2021 wakimbizi wamekuwa wakirejea na vituo vimefunguliwa tena kimoja kimoja, ingawa shambulio jipya la Macomia mwezi Mei 2024 liliwafukuza tena baadhi ya wahudumu.