Hati za Kajiado na Umiliki Unaoitwa Kamili

Hatimiliki iliyotolewa Kajiado chini ya Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ilibeba uzito wake wote katika sentensi moja. Ilitaja jina la mtu, ikathibitisha kwamba amesajiliwa kuwa mmiliki kamili wa kipande kile, na Kiingereza chake kilitumia kivumishi absolute. Lakini kabla sentensi haijafika kwenye nukta, iliongeza kwamba umiliki huo uko chini ya yaliyoandikwa katika rejista na ya haki zilizoorodheshwa katika kifungu cha 30 cha sheria hiyo: njia za kupita, haki za anayeishi pale, kodi ambazo hazijalipwa, uwezo wa serikali kuitwaa ardhi. Historia ya Kitengela, huko huko Kajiado, tangu ranchi yake ya pamoja igawanywe ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya nusu ya kwanza ya sentensi hiyo kuaminiwa na nusu ya pili kupuuzwa.

Kivumishi hicho kilikuja na sheria za Uingereza. Sheria yao ya usajili wa ardhi ya 1925 ilikuwa na madaraja manne ya hati, na hati kamili ilikuwa daraja la juu tu kati ya hayo. Hata mwenye nayo, kinadharia, ardhi aliishika chini ya Mfalme. Kiingereza kina vivumishi vingi vya kufunga mlango namna hii, na wanasheria wake huvitumia wakijua vizuri ufunguo umewekwa wapi. Wamaasai walikuwa wameshaonja jambo hilo mapema. Makubaliano ya 1904, ambayo Olonana alikuwa kiongozi mkuu kati ya walioyakubali, yaliwahakikishia maeneo mawili, la Laikipia na la kusini, kwa muda wote ambao Wamaasai watakuwapo duniani. Muda wote huo ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 yaliandikwa makubaliano mengine ya kuwatoa Laikipia, na kiongozi wao Parsaloi ole Gilisho na wenzake walipokwenda mahakamani, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliamua mwaka 1913 kwamba yale yalikuwa mapatano ya dola na dola, na mahakama haina uwezo wa kuyatekeleza.

Baada ya uhuru, serikali ilirudi na karatasi ya aina nyingine. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ranchi za kundi, yaani ardhi moja, hati moja, na wawakilishi waliochaguliwa kuishika kwa niaba ya wanachama walioandikwa. Ukanda wa Kaputiei, ambamo Kitengela imo, ulikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia katika mpango huo. Mwaka 1988 ranchi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande na hati yake. Walioandikwa walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa. Wake zao, na vijana ambao majina yao hayakuwa kwenye daftari, walijikuta wakiishi juu ya mali ya mtu mmoja. Miaka miwili baadaye ilikuja sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, kiwanja cha Athi River kikajengwa jirani, na wafanyakazi wakahitaji nyumba. Ekari moja hutoa ploti nane za futi hamsini kwa mia, na dalali hahitaji hesabu ngumu zaidi ya hiyo. Seng'enge zilifuata. Nyumbu waliokuwa wakitoka Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kwenda nyanda za Athi-Kaputiei walikuwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1970. Leo wamebaki wachache.

Kuna watakaopinga wakisema kwamba Wamaasai wenyewe ndio waliodai kugawana. Ni kweli, na si jambo la kudharau: wengi waliogopa viongozi wa ranchi kujigawia ardhi au kuiweka rehani, na hati ya mtu binafsi ilionekana kuwa kinga pekee. Lakini hofu hiyo hiyo inathibitisha hoja yangu. Walitafuta karatasi isiyoweza kuguswa, wakapewa karatasi inayouzika. Wengine watasema Nairobi ingeimeza Kitengela hata bila hati, kwa kuwa ukame na umaskini huuza ardhi haraka kuliko sheria yoyote. Huenda, ila angalia ushahidi wa mwaka 2000, ulipoanza mpango wa kulipa familia dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili zisizungushie ua wala kuuza. Familia nyingi zilijiunga. Watu wale wale, katika ukame ule ule, waliacha ardhi wazi pale umiliki ulipoambatana na masharti na malipo.

Mahakama nazo zilichangia kosa la kuamini nusu ya kwanza ya sentensi peke yake. Katika kesi za Obiero dhidi ya Opiyo ya 1972 na Esiroyo dhidi ya Esiroyo ya 1973, Mahakama Kuu ilishikilia kwamba usajili unafuta haki za kimila, ingawa kifungu cha 28 cha sheria yenyewe kilisema mwenye hati haondolewi wajibu wake kama mdhamini. Ilichukua hadi 2018 kwa Mahakama ya Juu, katika kesi ya Kiebia na M'Lintari kutoka Meru, kutamka kwamba amana ya kimila inaweza kumfunga mwenye hati. Na muda wote huo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 ilikuwa ikisema mauzo ya shamba bila idhini ya bodi ya ardhi ni batili kwa madhumuni yote. Umiliki gani huo uliokamilika, lakini hauuziki mpaka kikao cha bodi kiafiki?

Sheria ya 1963 ilifutwa mwaka 2012, lakini neno lile halikufutwa. Limo katika kifungu cha 24 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi inayotumika sasa, na linarudi katika kifungu cha 26, ambacho papo hapo kinasema hati iliyopatikana kwa ulaghai au kinyume cha sheria inaweza kupingwa. Anayenunua ploti Kitengela asiishie kwenye 24. Asome pia 25, 26 na 28, kisha aulize nani anaishi pale kabla ya kulipa.