Nafasi ya Diski Inaenda Wapi? Historia ya Daftari la Kompyuta

Asubuhi laptopu inaonyesha GB 20 ziko wazi. Hujapakua kitu, hujahifadhi hata picha, jioni zimebaki 14. Kesho yake 11. Ukimpelekea fundi, mara nyingi jibu ni moja: tupige Windows upya. Sasa kama data za tasnifu yako zimo humo na huna nakala, sentensi hiyo inatisha. Kabla hujaikubali, hebu tuangalie ugonjwa huu ulitoka wapi, maana ni wa zamani na umebadilika sura.

Watu wengi hudhani kompyuta inapima nafasi iliyobaki, kama unavyochungulia maji kwenye tenki. Haipimi. Inasoma kwenye daftari. Mwaka 1977 Marc McDonald wa Microsoft alibuni daftari lililokuja kujulikana kama FAT, na baadaye likatumika kwenye DOS na Windows za mwanzo. Fikiria gesti yenye vitabu viwili mapokezi: kimoja kina majina ya wageni, kingine kina orodha ya vyumba. Kwenye FAT, jina la faili liko sehemu moja, na orodha ya mafungu ya diski yaliyochukuliwa iko sehemu nyingine. Ukifuta faili, data yenyewe haiguswi. Herufi ya kwanza ya jina inabadilishwa na vyumba vinaandikwa kuwa vitupu. Ndiyo maana programu za kurejesha mafaili huweza kufanya kazi, ilimradi mgeni mwingine hajaingia.

Shida ilikuwa pale umeme unapokatika katikati. Vyumba vimeshaandikwa kuwa vina mtu, lakini jina la mgeni halijaingia kitabuni. Kompyuta ikiwaka tena, mafungu yale hayana mwenyewe na hayawezi kupewa mwingine. Kila umeme ukikatika, nafasi inaliwa kidogo. Programu ya CHKDSK iliyakusanya mafungu hayo yatima ikayapa majina kama FILE0000.CHK, na toleo la Windows 95 lililotoka 1996 likaanza kuendesha ukaguzi wa ScanDisk lenyewe kama kompyuta haikuzimwa vizuri. Kwa nchi zetu, unaweza kukisia ukaguzi huo ulionekana mara ngapi.

Kulikuwa na upotevu mwingine usiohitaji ajali yoyote. FAT16 iliweza kuhesabu mafungu yasiyozidi 65,536, basi. Diski zilipokua, idadi ya vyumba haikuongezeka, kwa hiyo kila chumba kilibidi kiwe kikubwa. Kwenye diski ya GB 2, fungu moja lilikuwa KB 32, na faili la KB 1 lilichukua fungu zima. Yaani barua 1,000 za KB 1 kila moja zilikula karibu MB 31! FAT32, iliyokuja 1996 hiyo hiyo, ilipunguza mafungu hadi KB 4 kwa diski zisizozidi GB 8.

Mfumo wa NTFS, ulioanza na Windows NT mwaka 1993, uliandika kwanza kwenye shajara kile unachotaka kubadilisha, ndipo ukabadilisha. Umeme ukikatika, unarudi kusoma shajara na kusawazisha hesabu. Ulipoingia majumbani na Windows XP mwaka 2001, mafungu yatima yakawa nadra. Lakini ushauri haukubadilika. Mpaka leo utaambiwa eti endesha CHKDSK, panga upya vipande vya diski. Kupanga vipande ni suala la kasi tu, hakuna nafasi kunakorudisha, na kwenye Windows za baadaye kunaweza hata kuimaliza zaidi.

Kwa nini? Mwaka 2000, Windows Me ilikuja na huduma ya kuurudisha mfumo ulivyokuwa siku zilizopita. Kuanzia Vista huduma hiyo ikawa inatumia nakala kivuli: kabla sehemu ya diski haijaandikwa upya, iliyokuwepo inanakiliwa pembeni. Ukihamisha vipande, mfumo unaweza kuona kama data imebadilika, ukanakili. Nakala hizo hukaa kwenye folda ya System Volume Information, iliyofichwa na isiyofunguka kwa mtumiaji wa kawaida. Hapo ndipo kizungumkuti kinapotoka: unajumlisha folda zako zote unapata GB 80, diski inasema imejaa GB 120. Daftari halidanganyi safari hii. Wewe ndiye huruhusiwi kuona ukurasa mmoja.

Linux nayo ina kisa chake, na wenye kutumia seva za maabara wamekutana nacho. Ukifuta faili ambalo programu bado imelifungua, jina linatoweka ila nafasi hairudi mpaka programu hiyo ifungwe. Amri za df na du zitabishana. lsof +L1 inamtaja mhusika.

Tukirudi kwenye laptopu yako: nakili tasnifu kwenye diski ya nje kwanza. Kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika vssadmin list shadowstorage, uone nakala kivuli zimechukua kiasi gani na ukomo wake ni upi. Ukomo huo unapunguzika kwenye mipangilio ya ulinzi wa mfumo. Angalia pia hiberfil.sys, faili linalohifadhi yaliyomo kwenye memori kompyuta inapolazwa. Powercfg /h off inaliondoa. Usiiguse folda ya WinSxS kwa mkono, hata ikionekana kubwa kiasi gani, kwa sababu mafaili yake mengi ni yale yale ya Windows yanayohesabiwa mara mbili. Na kama una Windows 10 iliyokuja na toleo la 1903 au la baadaye, karibu GB 7 zimetengwa kwa ajili ya masasisho tangu mwanzo; hizo hazijapotea.