Sola imegoma? Pima haya kabla hujanunua betri mpya

Taa za sola zikizima ghafla, wa kwanza kulaumiwa ni betri. Kwa familia nyingi za Mkunya na vijiji vingine vya Newala na Masasi, pesa ya betri mpya inasubiri korosho ziuzwe. Ikinunuliwa halafu taa zisiwake, hasara inakuwa mara mbili.

Kumbe shida inaweza kuwa fyuzi ndogo tu, waya uliolegea au vumbi juu ya paneli. Njia ya kujua ni moja: kupima. Hilo ndilo somo la kwanza kwa yeyote anayejifunza elektroniki, awe anataka ufundi au anapenda tu kufungua redio mbovu aone ndani kuna nini.

Anza na mita

Mita ndogo ya kidijitali inatosha kwa kuanzia. Mwanafunzi anahitaji kuzijua sehemu tatu:

- Volti za DC: kwa paneli, betri na redio.
- Mlio: kwa fyuzi na waya. Mita ikilia, njia ni nzima. Hapa umeme lazima uwe umetolewa kwanza.
- Dayodi: kwa kupima dayodi, nayo umeme ukiwa umetolewa.

Tahadhari moja. Waya mwekundu wa mita usiachwe kwenye tundu la ampia 10 wakati wa kupima volti. Ukiwa pale, mita inakuwa kama waya mtupu na betri inapiga shoti.

Fuata njia ya umeme

Maji ya mradi wa Makonde hupandishwa kwa pampu kutoka Mitema hadi juu ya uwanda. Kioski kikikauka wakati cha nyuma yake kina maji, kila mtu anajua bomba la kukaguliwa ni lile la katikati. Umeme wa sola nao hutafutwa hivyohivyo: paneli, kontrola, betri, fyuzi, swichi, taa. Hatua ambayo volti zinapotea ndipo ugonjwa ulipo.

1. Paneli. Ifute kwanza. Msimu wa kupuliza mikorosho salfa ya unga, paneli iliyo karibu na shamba hupata utando unaozuia mwanga. Salfa pia huifanya shaba iwe nyeusi, hivyo angalia na maungio ya waya. Kisha itenganishe na kontrola na uipime jua likiwa kali. Paneli ya mfumo wa volti 12 kwa kawaida huonyesha volti 18 hadi 22.

Usidanganywe na volti peke yake. Kivuli cha tawi kinaweza kuziacha volti karibu palepale huku ampia zikishuka sana. Mti uliokuwa mfupi wakati paneli inafungwa unaweza kuwa umeshaifikia.

2. Betri. Iache ipumzike saa chache bila kuchaji wala kutumika, kisha pima. Kwa betri ya asidi ya volti 12:

- 12.6 hadi 12.8: imejaa.
- Karibu 12.0: chaji imeshuka sana.
- 10.5 au chini, hata baada ya kuchajiwa siku nzima: kuna uwezekano mkubwa chumba kimoja kimekufa.

Halafu washa taa huku mita ikiwa imeshikiliwa kwenye nguzo. Betri iliyoonyesha 12.5 ikiporomoka hadi 9 kwa taa chache tu, hiyo imechoka. Betri za lithiamu zina namba zake tofauti, soma lebo.

3. Kontrola. Rudisha paneli na upime tena kwenye nguzo za betri jua likiwaka. Volti zinatakiwa kupanda taratibu kuelekea 14 hivi. Zisipopanda na paneli ni nzima, mtuhumiwa ni kontrola au waya wake. Wakati wa kufunga, betri huunganishwa kwanza, kisha paneli, mwisho taa. Wakati wa kufungua ni kinyume chake.

4. Fyuzi na waya. Toa paneli kwanza, kisha betri, weka mita kwenye mlio, gusa fyuzi pande zote mbili. Usiiamini kwa macho, fyuzi iliyoungua inaweza kuonekana nzima. Kutu nyeupe au ya kijani kwenye nguzo za betri isafishwe, na skrubu zikazwe.

5. Taa. Taa ya volti 12 inaweza kujaribiwa moja kwa moja kwenye betri, kupitia fyuzi. Ikiwaka hapo lakini isiwake darini, tatizo ni swichi au waya wa ukutani.

Ushauri wa bure: mfumo ukiwa mzima, pima na andika namba zote kwenye daftari. Siku ya ubovu utakuwa na cha kulinganisha nacho.

Kutoka sola hadi redio

Kwenye redio njia ni ileile. Anza na vitu vinavyoguswa kila siku: springi za betri, swichi, tundu la chaji, waya wa spika. Baada ya hapo ndipo bodi ikaguliwe.

Kapasita iliyovimba kichwani ni mbovu. Dayodi ya kawaida ikiwa imetolewa kwenye bodi huonyesha kama 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, na upande wa pili mita haisomi kitu. Ikisoma sifuri pande zote mbili, imepiga shoti.

Rezista husomwa kwa rangi: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Kwa rezista ya mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri, na wa nne ni kiwango cha usahihi. Kahawia, nyeusi, nyekundu ni 1, 0 na sifuri mbili, yaani omu 1,000.

Hata asiyesoma anaweza

Rangi hizo zina historia yake huku Kusini. Mwaka 2011, wanawake kutoka vijiji vya mikoa ya Mtwara na Lindi walisafiri hadi chuo cha Barefoot, Tilonia nchini India, kusomea sola kwa miezi sita. Chuo hicho kilipokea wanawake wa vijijini ambao wengi hawakusoma shule, wala hawakuwa na lugha moja na walimu wao. Masomo yalienda kwa rangi, ishara na kurudia kwa mikono mpaka kazi ikae kichwani. Kisha walirudi kufunga na kutengeneza sola vijijini kwao.

Kwa hiyo kijana mwenye simu, daftari na redio mbovu ya babu hana sababu ya kuogopa.

Pasipoguswa

- Inveta: upande wa kutokea una volti 230, sawa na umeme wa nyumbani. Zinaua.
- Televisheni za zamani za kichogo: ndani hubaki chaji kali hata zikiwa zimezimwa.
- Betri ya lithiamu iliyovimba: usiitoboe wala kuichaji.
- Betri ya asidi: spana ikigusa nguzo zote mbili, cheche na moto ni papo hapo. Vua pete na saa.
- Waya wa TANESCO: muite fundi mwenye leseni ya EWURA.

Pa kujifunzia

Anayetaka cheti anaweza kuulizia kozi za umeme katika chuo cha VETA Mtwara, au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Masasi. Anayeanzia nyumbani aombe fundi redio wa sokoni amuuzie bodi mbovu. Hizo hazina hasara: unapima, unatoa kifaa, unakirudisha. Ukikosea, hakuna anayelala gizani.