Kiwanuka wa Marekani na Babu Yake wa Kampala



Vijana wetu hapa Gisenyi wanajua majina ya wachezaji wa Ulaya kuliko historia ya nchi jirani. Leo nawaletea mchezaji ambaye wengi wenu hamjamsikia, na asili yake si mbali: ni Uganda.

Mathias Kiwanuka alizaliwa mwaka 1983 mjini Indianapolis, Marekani, kwa wazazi Waganda. Alicheza mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai unaobebwa mikononi. Kazi yake ilikuwa kumwangusha mrushaji wa timu pinzani kabla hajaurusha mpira. Mwaka 2006 alichaguliwa na New York Giants.

Novemba 26 mwaka huo, Giants walikuwa mbele 21-0 ikiingia robo ya mwisho dhidi ya Tennessee Titans. Kiwanuka akamkamata mrushaji wao, Vince Young, akamkumbatia barabara, kisha akamwachia! Alidhani mpira umeshatoka mkononi, akaogopa adhabu. Young akakimbia nao, na Titans wakashinda 24-21. Kosa hilo lilioneshwa tena na tena kwenye televisheni.

Timu haikumtupa. Alivunjika mguu Novemba 2007, kwa hiyo wenzake walipotwaa ubingwa Februari 2008 yeye hakucheza. Mwaka 2010 akaumia shingo. Februari 2012 Giants wakawa mabingwa tena, wakiwafunga New England Patriots 21-17, na mechi ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa. Safari hii alikuwa uwanjani. Giants walimwacha mwaka 2015, baada ya misimu 9.

Lakini jina hilo lilikuwa kubwa kabla yake. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962, akashindwa uchaguzi mwaka huohuo. Obote alimfunga jela mwaka 1969. Idi Amin akamtoa, na mwaka 1971 akamfanya Jaji Mkuu. Septemba 1972 jaji huyo aliamuru Mwingereza mmoja aliyeshikwa na askari aachiwe, akasema jeshi halina mamlaka ya kumkamata raia. Tarehe 21 ya mwezi huo watu wa Amin wakamchukua kutoka Mahakama Kuu, Kampala, mchana kweupe, wakamuua.

Hapa sisi Waislamu tuseme wazi. Amin alikuwa Mwislamu, Kiwanuka Mkatoliki, na bado wapo wanaomtetea Amin barazani kwa sababu hiyo tu. Suratun-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Vipi basi tumfunike dhalimu kwa kuwa jina lake linafanana na yetu? Mzazi, mwanao akikuuliza habari za Amin, usimfiche habari za jaji huyu.

Mwili wa Benedicto haukupatikana. Mahakama za Uganda humkumbuka kwa mhadhara wa kila mwaka. Mjukuu hakumwona, kwani alizaliwa miaka 11 baadaye, ng'ambo. Lakini kila alipoingia uwanjani, mgongoni mwa jezi yake palikuwa pameandikwa Kiwanuka.